Chumba cha Nyuma

Hoteli ya gatini imefungwa tangu Oktoba.
Viti vimepandana mezani kama kaa kapuni,
na kiooni karatasi: Tutaonana Pasaka.
Ni Novemba. Nina begi moja na kikohozi.
Mwuza mikate ananipimia keki ya siagi,
ile ya Douarnenez, nzito kama tofali,
anapangusa vidole, anasema:
Nenda kwa Soazig. Panda kichochoro, mlango wa buluu.
Usibonyeze kengele, ilishakufa. Gonga ubao.

Nikagonga ubao.

Soazig Kervarec, miaka sabini na tisa,
ana jozi mbili za miwani:
ya kusomea puani, ya mbali inaning'inia shingoni.
"Chumba cha mbele kinatazama bahari. Yuro sabini.
Cha nyuma kinatazama ukuta wa tanuri la mikate. Hamsini.
Kahawa ni ileile. Supu ya jana ni bure."

Nani asafiri kutwa nzima, treni na basi,
aje alale na ukuta?
Nikahesabu sabini.
Hakubisha. Akanipa ufunguo uliofungiwa kizibo cha wavu,
ili ukidondoka majini, akasema, uelee.

Na kweli, vyote nilivyovifuata vilikuwa pale dirishani:
gati la Rosmeur limepinda kama kiwiko,
nyumba za rangi ya waridi na haradali zimebanana bega kwa bega,
bamvua imekupwa hadi minyororo imebaki uchi,
na kisiwa cha Tristan kimesogea,
mtu angekiendea kwa viatu vyake.
Kizingiti cha dirisha kilikuwa kimelika mahali pawili.
Nikaweka viwiko vyangu. Vikaenea.

Usiku kamba ziligonga milingoti, ti, ti, ti,
kama mtu anayetafuta chenji mfukoni.
Saa tisa chombo kimoja kikawasha taa,
kikatoka polepole, taa ikawa punje,
punje ikawa kitu ambacho labda nilikibuni.
Simjui yeyote aliyekuwamo.
Hata hivyo nilikaa kitako kitandani, blanketi kichwani,
nikiwahesabu: watano? sita?
Kana kwamba nikisinzia
mmoja atapungua.

Asubuhi nikauliza, "Kile chombo kimerudi?"
Soazig akakoroga kahawa isiyo na sukari.
"Unaniuliza mimi? Mimi nalala nyuma."

Kisha, bila kuombwa:
Sadini walipoingia, watoto walitumwa mitaani kupiga kelele,
saa yoyote, hata saa nane za usiku,
na wanawake wakaacha unga kwenye bakuli,
mtoto kwenye ziwa la jirani,
wakakimbilia kiwandani kwa viatu vya mbao
mpaka samaki wa mwisho alale kwenye mafuta.
Mama yake, Channig, hakungoja watoto.
Alikaa dirishani, akimtazamia mume,
kisha, mume alipokoma kurudi, akiwatazamia samaki.
"Lile dirisha lilikuwa mwajiri wake.
Nilipoirithi nyumba, kitu cha kwanza nilihamisha kitanda.
Ukuta hauendi popote, bwana.
Na saa kumi alfajiri unapata joto."

Kabla ya saa nne nilikuwa nimehamisha begi.
Akanirudishia ishirini, noti imekunjwa mara nne.
Chumba kidogo, foronya ina harufu ya sabuni na hamira.
Nikabandika kiganja ukutani: bado ulikuwa vuguvugu,
kama ubavu wa mnyama aliyeshiba.
Nikalala kama jiwe.

Chombo kilirudi saa saba mchana.
Sikukiona.
Niliamshwa na ngazi zikilia,
hatua moja, pumzi, hatua nyingine,
mtu akishuka kutoka chumba cha mbele.
Nikafungua mlango kidogo.
Soazig alikuwa na ufagio mkononi, mkavu, safi,
na puani
miwani ya mbali.